Vazi la mtoto lililogombanisha wazazi Uholanzi

Nchini Uholanzi, mkesha wa Sinterklaas tarehe 5 Desemba umewagombanisha wazazi kwa miaka mingi. Watoto walikuwa wakivalishwa kama mtumishi wake, Zwarte Piet, yaani Piet Mweusi: kofia yenye unyoya, hereni, nywele bandia za kipilipili, midomo myekundu na uso uliopakwa rangi nyeusi.

Mtumishi huyo alienezwa na kitabu cha watoto cha mwalimu Jan Schenkman wa Amsterdam, mwaka 1850. Tazameni tarehe hiyo! Utumwa katika koloni lao la Suriname ulifutwa mwaka 1863.

Wazazi wengi walisema ni mchezo tu, weusi ule ni masizi ya bomba la moshi. (Masizi gani hayo yanayosokota nywele na kuvisha hereni?) Wazazi wenye asili ya Afrika walilalamika kwamba watoto wao huitwa Piet shuleni. Mwaka 2011, mjini Dordrecht, waliovaa fulana za kupinga jambo hilo walikamatwa na polisi. Mwaka 2020 Waziri Mkuu Mark Rutte, aliyewahi kuitetea desturi hiyo, alikiri kuwa amebadili mawazo. Sasa sherehe nyingi humpaka Piet mistari michache tu ya masizi mashavuni.