Mtakatifu Ambrosi, Askofu Aliyewapa Waumini Nyimbo



Kila kwaya yetu inapoingia kanisani kwa maandamano, bendera ya msimamizi wetu hututangulia. Amechorwa askofu mwenye fimbo ya kichungaji, na miguuni pake pana mzinga wa nyuki. Katika miaka hii 25 watoto wa katekisimu wametuuliza mara nyingi: je, huyu alikuwa mfugaji wa nyuki? Hakuwa. Jubilei hii ni nafasi nzuri ya kueleza nyuki hao walitoka wapi, na kwa nini sisi waimbaji tunamwita Mtakatifu Ambrosi wa Milano msimamizi wetu.

Ambrosi alizaliwa mnamo mwaka 339 huko Trier, mji ambao leo uko Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa mkubwa wa dola ya Roma. Habari za utoto wake tunazipata kwa Paulino, aliyekuwa karani wake, ambaye baadaye aliandika maisha ya askofu huyo kwa ombi la Mtakatifu Augustino. Paulino anasimulia kwamba siku moja mtoto Ambrosi alikuwa amelala uani, mdomo wazi. Ghafla kundi la nyuki likamfunika uso, wakawa wanaingia na kutoka kinywani mwake. Yaya aliogopa, akataka kuwafukuza, lakini baba akamzuia ili aone mwisho wa ajabu hiyo. Baada ya muda nyuki wakaruka juu sana hata wasionekane tena, na mtoto hakuumwa hata mara moja. Baba akatabiri kwamba mtoto huyo akiishi atakuwa mtu mkubwa.

Hadithi inayofanana na hiyo ilikuwa imesimuliwa zamani juu ya Plato, mwanafalsafa wa Wayunani. Basi tunaipokea jinsi watu wa kale walivyoipokea, yaani kama njia ya kusema kwamba maneno ya mtu huyu yalikuja kuwa matamu kama asali. Kutokana nayo, Ambrosi akawa msimamizi wa wafugaji nyuki na wa watengenezaji mishumaa ya nta.

Mwaka 374 Ambrosi alikuwa gavana, na makao yake yalikuwa Milano, kaskazini mwa Italia. Askofu wa mji huo, Auxentius, alifariki. Yeye alifuata mafundisho ya Ario, yaliyokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Waumini waligawanyika kuhusu nani awe askofu mpya, na gavana akaenda kanisani kutuliza watu. Paulino anasema sauti ya mtoto ilisikika ikimtaja Ambrosi kuwa askofu, na umati wote ukaitikia. Yeye alikuwa bado mkatekumeni, hajabatizwa! Inasimuliwa kwamba alitoroka usiku, akatembea mpaka kulipopambazuka, kisha akajikuta yuko kwenye lango la Milano ileile aliyoikimbia. Mwishowe alikubali. Alibatizwa, na baada ya siku 8, tarehe 7 Desemba, akawekwa wakfu kuwa askofu.

Kwetu sisi wanakwaya, mwaka mkubwa zaidi ni 386. Justina, mama yake Kaisari kijana Valentinian wa Pili, alidai kanisa moja la Milano wapewe wafuasi wa Ario. Ambrosi alikataa. Askari wakatumwa, na waumini wakajifungia kanisani pamoja na askofu wao, wakikesha na kuwa tayari kufa naye. Monika, mama yake Augustino, alikuwa miongoni mwao. Augustino alikuwa Milano wakati huo, na ndiye aliyetuachia habari hizi katika kitabu chake cha Maungamo. Anaeleza kwamba watu walikuwa karibu kukata tamaa kwa huzuni na uchovu. Ili wasizimie moyo, Ambrosi akaanzisha desturi ya makanisa ya Mashariki ya kuimba tenzi na zaburi, kusanyiko zima likishiriki. Hatimaye Kaisari aliacha dai lake. Kanisa halikutolewa, na desturi ile ya kuimba ikaenea katika makanisa mengine mengi.

Nyimbo zenyewe zilikuwaje? Ambrosi alizitunga kwa Kilatini, na angalau nne zinakubaliwa na wataalamu kuwa kazi yake bila shaka. Kila wimbo una beti 8, kila ubeti una mishororo 4, na kila mshororo una mizani 8. Aliyesoma utenzi shuleni atakitambua kipimo hicho, kwa maana ubeti wa utenzi wa Kiswahili pia una mizani 8 katika kila kipande, na vipande 4. Ni kipimo kifupi, rahisi kushika kichwani, kinachomfaa mama anayeosha vyombo na mzee asiyejua kusoma. Ambrosi alikuwa msomi wa hali ya juu na angeweza kutunga mambo ya kuwashangaza wasomi wenzake. Alichagua kipimo ambacho kila mtu angekiweza.

Wapinzani wake walilalamika kwamba amewaroga watu kwa nyimbo zake. Katika hotuba aliyotoa wakati wa mgogoro huo, Ambrosi hakukana. Alikiri kwamba ni dawa yenye nguvu kweli, kwa maana watu wote waliokuwa wakiimba habari za Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wamegeuka kuwa walimu wa imani.

Mwaka uliofuata, usiku wa Pasaka, Ambrosi alimbatiza Augustino. Hapo ndipo hadithi nyingine maarufu ilipozaliwa: kwamba askofu na mbatizwa walianza kuimba Te Deum kwa kupokezana, mstari mmoja huyu, mstari mmoja yule, bila kuuandaa. Hadithi hiyo ilianza kusimuliwa karne nyingi baadaye, na wataalamu wa leo hawaikubali. Lakini lipo jambo ambalo Augustino mwenyewe aliliandika. Miezi michache baada ya ubatizo wake, Monika alifariki huko Ostia. Augustino hakuweza kulia mbele za watu. Alipoamka akiwa peke yake kitandani, alikumbuka beti za wimbo wa jioni wa Ambrosi, naye akapata faraja, kisha machozi yakamtoka. Wimbo aliojifunza kanisani ulimfuata hadi kwenye msiba wake.

Ambrosi alifariki alfajiri ya Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili 397. Paulino anasema kwamba kwa saa nyingi alilala ameinyoosha mikono kama msalaba, midomo ikitikisika kwa sala isiyosikika. Kwa kuwa tarehe hiyo huangukia kipindi cha Kwaresima au Pasaka, Kanisa humkumbuka tarehe 7 Desemba, siku aliyowekwa wakfu. Masalia yake yapo mpaka leo chini ya altare ya Basilika ya Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, pamoja na ya mashahidi Gervasi na Protasi. Jimbo Kuu la Milano lingali na liturujia inayoitwa kwa jina lake. Pamoja na Augustino, Yeronimo na Gregori Mkuu, yeye huhesabiwa kati ya Walimu wanne wakuu wa Kanisa la Magharibi.

Ndugu wanakwaya, tukisoma historia hii tuseme ukweli. Zipo Dominika ambazo tumechagua nyimbo ngumu mno, zenye sauti nne na mapambo mengi, na waumini wakafunga vitabu wakabaki kututazama. Wengine walitupigia makofi, nasi tukafurahi. Kule Milano mwaka 386 hapakuwa na wa kupiga makofi, kwa sababu kila aliyekuwamo alikuwa akiimba. Msimamizi wetu hakuanzisha kwaya ili watu wasikilize. Aliwapa watu wote wimbo wa kuwashika pamoja siku ya hatari.

Ndiyo maana nyimbo za Misa ya leo zimechapwa katika kijitabu hiki, nasi tutazifundisha kwa dakika kumi kabla ya maandamano. Wapendwa waumini, msituachie sisi peke yetu. Imbeni nasi, ili hata mtakapokuwa nyumbani, katika furaha au katika msiba, wimbo uwepo midomoni mwenu.

Mtakatifu Ambrosi, utuombee.