Kitanzi Ndani ya Kasha

Mvuvi wa Kojani anayekwenda dago hapakii mshipi wake ovyo. Huukunja pindi juu ya pindi, na awapo baharini huacha sehemu iliyolegea karibu na mkono, ili samaki akistusha ghafla usikatike. Ujuzi huo wa kulegeza ndio siri ya kasha la mkanda katika kamera ya sinema, na asiyeuelewa hatajua kwa nini Afrika Mashariki ya kwenye filamu imebaki vipande vipande.

Kasha ni sanduku lisilopenya mwanga. Ndani yake mna magurudumu mawili: moja hutoa mkanda mbichi, jingine hupokea uliokwisha kupigwa, na yote huzunguka bila ya kusita. Walakini nyuma ya lenzi mkanda hauna ruhusa ya kutiririka. Ukucha wa chuma huuvuta, huuacha utulie kitambo kwa ajili ya picha moja, kisha huuvuta tena. Mara 16 au zaidi kwa sekunde enzi za filamu bubu, mara 24 zilipokuja filamu za sauti. Baina ya mwendo usiokatika na mwendo wa kusitasita huachwa kitanzi, juu na chini. Kitanzi kikipotea, mkanda huchanika.

Mwaka 1910 Carl Akeley, Mmarekani wa makumbusho ya New York, alitaka kuwapiga filamu Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Kamera za wakati huo zilikuwa goigoi. Hazikuweza kumfuata simba wala mkuki. Akarudi kwao akaunda yake, ya mviringo, ambayo mafundi wa huko waliibandika jina la chapati (tafsiri hapa ina uhuru wake). Kasha lake lilibeba futi 200, na kitanzi kilitengenezwa kabla, gizani, hata mpiga picha aliye porini alitoa la zamani na kupachika jipya kwa muda mfupi. Kwa kamera hiyo, mwaka 1921, Akeley alipiga filamu ya kwanza ya gorila wa milimani katika makazi yao, kwenye miteremko ya Mikeno huko Kongo, mlima aliofia mwaka 1926. Martin na Osa Johnson nao waliitumia Kenya.

Futi 200 ni mita 61. Kwa picha 16 kila sekunde, hizo ni dakika 3 na sekunde 20. Dago ni la miezi. Hata kuvuta wavu mmoja hadi ufike pwani hakuenei katika kasha la namna hiyo. Anayepiga hulazimika kuchagua, na uchaguzi wake hauonekani na mtazamaji.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama si Januari 1964. Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walipiga picha za Unguja kutoka angani siku chache baada ya Mapinduzi, wakazitia katika filamu yao Africa Addio, iliyotoka mwaka 1966. Tangu hapo watu hawajaacha kubishana: huyu asema ni ushahidi, yule asema ni uzushi. Wote wawili hulisahau kasha. La futi 400, kwa picha 24 kila sekunde, halifiki dakika nne na nusu. Likijaa, ndege inaendelea kuruka na jicho limefumba. Picha yathibitisha kilichokuwa mbele ya lenzi kwa kitambo hicho. Haisemi nani alisimama pale asubuhi, wala nani alirudi jioni kuwatafuta wake. Atazamaye na aihesabu mikato, maana ni mingi.

Tena chombo cha angani hakikusikia kilichosemwa chini. Maneno yanayounganisha kipande na kipande ni ya msimulizi, na yaliongezwa baadaye.