Kinyozi na mwalimu: Mtu wa kazi mbili katika mji wa Ikutha

WAHENGA walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hiyo humkumbusha kila mwenye ujuzi kwamba, hata awe hodari vipi, hakosi siku ya kumhitaji mwenzake. Katika miji midogo ya Ukambani yupo mtu ambaye methali hiyo humhusu maradufu. Mchana hushika chaki mbele ya darasa na jioni hushika mashine ya kunyolea. Wateja humwita “mwalimu” hata akiwa na kitana mkononi, na wanafunzi wake ndio hao hao wanaomwinamishia vichwa Jumamosi.

Ikutha ni mojawapo ya miji ya aina hiyo. Mji huu uko kusini mwa Kaunti ya Kitui, kwenye barabara itokayo Kibwezi, kuvuka Mto Athi, kuelekea Mutomo na Kitui mjini. Ng’ambo ya mto huo ni Kaunti ya Makueni. Nchi ni kame, mvua hunyesha kwa misimu miwili isiyotabirika, na wakazi wengi hutegemea mbuzi, ng’ombe, mtama, pojo na mbaazi. Mvua ikikosekana, biashara zote mjini hudorora, ikiwemo ya kunyoa.

Historia ya ualimu hapa ni ndefu kuliko wengi wadhanivyo. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Hersbruck, Ujerumani, walifungua kituo Ikutha mwaka 1891, na muda mfupi baadaye kikawa chini ya Misheni ya Leipzig. Mmoja wao, Johannes Hofmann, alitunga kamusi ya Kikamba na Kijerumani iliyochapishwa mwaka 1901. Kazi hiyo iliendelea katika kipindi kigumu mno, kwani njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899 iliangamiza watu wengi Ukambani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani hawakuweza kuendelea katika koloni la Mwingereza, na vituo vyao vya Ukambani hatimaye vikaingia mikononi mwa misheni ya Africa Inland.

Tangu zama hizo, mwalimu wa kijijini hakuwa mtu wa darasani pekee. Ndiye aliyesoma barua za waliokwenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi, akaandika majibu, akajaza fomu na kuwatafsiria wazee maneno ya serikali. Kwa hiyo, mwalimu wa leo anapofungua kibanda cha kinyozi, hafanyi jambo geni. Ameongeza kiti na kioo tu katika huduma ambayo wenzake wa kale waliitoa chini ya mti.

Chanzo cha kazi hizi mbili kuwa za mtu mmoja ni ajira. Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilianza kazi mwaka 1967. Kwa miaka mingi, aliyehitimu chuo cha ualimu alikuwa na hakika ya kupangiwa shule. Mambo yalibadilika mwaka 1998, serikali iliposimamisha uajiri wa moja kwa moja na kuamua kujaza tu nafasi za waliofariki, waliostaafu au waliojiuzulu. Vijana waliosomea cheti cha P1 kwa miaka miwili, na wengine waliotoka vyuo vikuu na shahada, wakarudi nyumbani kusubiri. Kusubiri huko kulichukua miaka.

Kinaya ni kwamba watoto walizidi kuongezeka. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Madarasa yalifurika ilhali walimu walikuwa wachache. Kamati za shule, na baadaye bodi, zikalazimika kuajiri walimu kwa michango ya wazazi. Hawa ndio wanaojulikana kama walimu wa bodi. Ujira wao ni mdogo kuliko mshahara wa aliyeajiriwa na TSC, na katika eneo kame hutegemea mzazi ameuza mbuzi au la. Wakati wa ukame, mwalimu huweza kumaliza muhula bila kulipwa.

Kwa nini basi kunyoa, wala si kazi nyingine? Kwanza, mtaji wake si mkubwa. Kiti, kioo, mashine, brashi, kitambaa cha kumfunga mteja na poda humtosha anayeanza. Pili, saa zake hazigongani na za shule, kwa kuwa wateja wengi huja jioni, wikendi na siku ya soko. Tatu, shule zenyewe huzalisha wateja. Kanuni za shule nyingi za umma humtaka mwanafunzi awe na nywele fupi, hivyo kila muhula unapokaribia kufunguliwa, foleni hufika nje ya mlango. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Mwalimu anayetafuta shilingi ya pili hana budi kuitafuta nje ya darasa.

Vifaa vya kazi hii vina historia yao. Zamani nywele zilinyolewa kwa kijembe cha chuma kilichofuliwa na wahunzi, na wahunzi wa Kikamba walisifika kwa ustadi. Wembe mwembamba wa kutupwa ulienea duniani baada ya Mmarekani King Gillette kupata hataza yake mwaka 1904. Mashine ya umeme nayo ilibuniwa na Leo Wahl, pia wa Marekani, mwaka 1919. Hata hivyo, katika vituo vingi vya mashambani ambako umeme ulichelewa, kinyozi alitegemea makasi na mashine ya mkono, ile inayobanwa kama koleo. Baadaye wengine walitumia betri ya gari na paneli za sola kabla ya nyaya za umeme kuwafikia.

Usafi ndio mtihani mkubwa wa kinyozi. Mapunye, ugonjwa wa ukungu unaoacha mabaka yasiyo na nywele kichwani mwa mtoto, huenezwa kwa vitana, mashine na taulo zinazotumiwa na watu wengi. Hatari kubwa zaidi ni ya damu. Baada ya Rais Daniel arap Moi kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wateja wengi walianza kuja na nyembe zao mifukoni. Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi, maana chombo chenye makali kilichomkwaruza mtu mmoja hakifai kumgusa mwingine kabla ya kusafishwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, tena hata mahali pasipoonekana damu.

Hapa ndipo ualimu unapomfaa kinyozi. Anajua kueleza sababu, wala haishii kutoa amri. Humwonyesha mteja kwamba nywele huondolewa kwanza kwenye meno ya mashine kwa brashi, kisha meno hayo hupanguswa kwa spiriti na kuachwa yakauke, kwa kuwa uchafu uliobaki huvizuia viini kufikiwa na dawa. Wembe hutumika mara moja na kutupwa ndani ya chombo kigumu ili usimkate mtoto anayecheza jalalani. Mtoto mwenye mapunye hanyolewi kwa mashine ya wote, bali mzazi huelekezwa zahanati, kwani ugonjwa huo huhitaji dawa ya kumeza na hauponi kwa mafuta ya kupaka peke yake. Yote haya hufanyika katika mji ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, hivyo kila tone lina hesabu yake.

Darasa la pili la mwalimu huyu ni la vijana waliokosa karo. Kijana huanza kwa kufagia, kisha huruhusiwa kusafisha vifaa, halafu hupewa kichwa cha mtoto anayetaka kipara, maana kipara hakina mapambo ya kuharibika. Panki na mitindo mingine yenye mistari huja mwisho. Mafunzo kama haya hayatoi cheti. Hata hivyo, mwanagenzi anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), unaoanzia Gredi ya 3 na kupanda hadi Gredi ya 1. Cheti hicho humsaidia anapotafuta kazi mjini au mkopo wa kuanzisha kibanda chake.

Thamani ya kazi ya pili ilidhihirika Machi 2020, shule zote zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19. Walimu wa TSC waliendelea kulipwa. Wengi wa walimu wa bodi na wa shule za kibinafsi hawakupata kitu hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021. Aliyekuwa na ufundi mkononi, japo wateja walipungua, alipata cha kupeleka jikoni.

Si kwamba maisha haya hayana lawama. Wapo wanaouliza iwapo aliyesimama kibandani hadi saa tatu usiku anaweza kuandaa somo la asubuhi, na swali hilo ni la haki. Mtoto ndiye hupoteza mwalimu anapochoka. Lakini suluhisho la uchovu huo haliko kibandani. Liko katika malipo ya anayefundisha na katika idadi ya walimu wanaoajiriwa.

Kinachomfanya mtu huyu apendwe hakiandikwi kwenye kibali cha biashara. Ni daftari la madeni ambalo halifunguliwi msimu wa kiangazi, mtoto yatima anayenyolewa bure kabla ya shule kufunguliwa, na mzee anayesomewa ujumbe wa simu huku ndevu zikipunguzwa. Mwalimu aliyeajiriwa hustaafu akiwa na miaka 60, umri uliopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Kiti cha kinyozi hakina umri wa kustaafu. Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, siku ikifika yeye huketi kwenye kiti hicho, na kijana aliyemfundisha humfunga kitambaa shingoni.