Neno Walilolitwaa Waingereza



Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si aibu kwamba Kiswahili chetu kina maneno mengi ya Kiarabu? Kufikiri, kusafiri, kusamehe, yote tumeazima." Sikumjibu upesi, bali niliandika ubaoni neno moja la Kiingereza: take.

Kila ajifunzaye Kiingereza hulijua neno hilo mapema. Maana yake ni kutwaa. Lakini matumizi yake yameenea kama neno letu kupiga. Sisi twapiga hodi, twapiga pasi, wala hapana aliyepigwa. Vivyo hivyo Mwingereza husema take anywapo dawa, aketipo kitini na afanyapo mtihani. Basi afasiriye neno kwa neno atapotea njia.

Je, neno litumiwalo hivyo kila siku lilizaliwa Uingereza? La, sivyo. Waingereza wa kale walisema niman, na ndugu yake ni nehmen, ambalo Wajerumani walitumia hata leo. Lakini mwaka wa 793 mabaharia wa nchi za Kaskazini waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na mwaka wa 865 likaja jeshi kubwa la watu wa Denmark. Mfalme Alfred aliwashinda mwaka wa 878, walakini wengi wao walibaki mashariki na kaskazini ya nchi, wakalima, wakaoa, wakafanya biashara na wenyeji. Katika lugha yao, kutwaa ni taka. (Lafanana na kutaka kwetu kwa sauti tu, hayana udugu.) Neno hilo likaenea kidogo kidogo, na baada ya karne kadhaa niman likatoweka. Masalio yake mojawapo ni neno numb, maana yake -enye ganzi, yaani kiungo kilichotwaliwa fahamu zake.

Wazee wetu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu alikuja na upanga, hata hivyo neno lake lilikaa, wala Kiingereza hakikuacha kuwa Kiingereza.

Yule kijana alitazama ubao kitambo, kisha akasema, "Kumbe hata neno la kutwaa walilitwaa kwa wengine!" Nami nikamwambia, "Basi usikionee haya Kiswahili. Jifunze kukisema na kukiandika vema."