Kabla ya kushangilia au kuzomea miche ya kampuni, pitia Gazi

1/ Kila mvua ikinyesha mjadala ni ule ule. Kampuni inakuja na fulana mpya, miche na kamera, mheshimiwa anahutubia. Nusu yetu tunashangilia, nusu tunasema ni kiini macho. Mimi ni mtu wa Ukunda. Kabla hatujagawanyika tena, hebu twendeni Gazi, kule Msambweni. Uzi mfupi.

2/ Mikoko yetu iliwekwa chini ya serikali mwaka 1932, enzi za mkoloni. Tangu hapo, anayetaka kukata kwa biashara anatafuta kibali ofisini. Kijiji kinachovua na kujenga kwa boriti hizo hizo hakikuwa na sauti.

3/ Miaka ya 1970 viwanda vya chokaa na matofali vilihitaji kuni. Vikapata vibali. Sehemu za ghuba ya Gazi zikakatwa zikabaki nyeupe, hata mililana inayokinga ufuo. Si wizi huo jamani, karatasi zilikuwepo. Miaka ikapita, na sehemu nyingine hazikuota tena zenyewe.

4/ Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI na wanakijiji wakaanza kupanda. Hapo ndipo watu wa fulana wasikize: kila aina ina mahali pake kulingana na maji kupwa na kujaa. Ukipanda pasipofaa, bahari inazoa, na picha yako imeshasambaa.

5/ Sheria ya Misitu ya 2005 ikafungua mlango: jamii inaweza kuingia mkataba na serikali wa kusimamia msitu. Mwaka 2013 Gazi na Makongeni wakaanza Mikoko Pamoja. Hekta 117. Wanalinda na kupanda, kisha wanauza hewa ya ukaa inayozuiwa, kama tani 3,000 kwa mwaka.

6/ Wanunuzi ni nani? Wengi ni makampuni na watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa si za kutajirisha mtu, lakini zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Matumizi yanaamuliwa kijijini. Na kwa kuwa watu bado wanahitaji kuni na boriti, walipanda mivinje nchi kavu.

7/ Sasa tazama. Aliyekata alikuwa mfanyabiashara. Anayelipa leo ni mfanyabiashara. Kilichobadilika ni nani yuko mezani wakati wa kuweka sahihi. Vanga nao wakafuata njia hiyo mwaka 2019.

8/ Kwa hiyo "makampuni yapande au yasipande" ni swali bovu. Akija mgombea au kampuni yoyote, muulize:
– Ardhi ni ya nani, na mkataba umesomwa kwa baraza?
– Nani analipwa kutunza miche mwaka wa tatu?
– Moshi wenu wenyewe mmeupunguza kiasi gani? Maana kununua hewa ya Gazi si ruhusa ya kuchafua kwingine.

9/ Ukiwa upande wa kushangilia au wa kuzomea, sawa tu. Ila siku ukipita Gazi, kanyaga lile daraja la mbao la kina mama ndani ya mikoko, halafu uniambie kama hayo majibu hayapatikani.