Lajos Kassák: Mshairi na Uhamisho Wake

Watu wengi hufukuzwa katika nchi zao kwa sababu walimpinga mtawala aliyepo, au kwa sababu walimtumikia mtawala aliyeanguka. Lajos Kassák, mshairi wa Hungaria, alipatwa na balaa la namna nyingine. Watawala wawili waliokuwa maadui walimkataa, mmoja baada ya mwingine.

Alizaliwa tarehe 21 Machi, 1887, katika mji wa Érsekújvár, ambao sasa uko Slovakia na huitwa Nové Zámky. Mama yake alikuwa dobi. Mtoto aliacha shule mapema, akajifunza ufundi wa vitasa, kisha akafanya kazi viwandani Budapest. Mwaka 1909 alikwenda Paris kwa miguu, na elimu aliyoikosa darasani akaiokota njiani.

Novemba 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimepamba moto, alianzisha gazeti la A Tett, yaani Kitendo. Mashairi yake hayakufuata vina wala mizani, na moyo wake haukuifuata ngoma ya vita. Mwaka 1916 serikali ililipiga gazeti hilo marufuku kwa kosa la kuchapa kazi za watu wa mataifa ya adui. Mwaka huo huo akatoa lingine, MA, yaani Leo.

Machi 1919 wakomunisti, wakishirikiana na wasoshalisti, walishika serikali. Kassák aliyapokea mapinduzi kwa furaha. Lakini kiongozi wao, Béla Kun, alilishutumu MA kuwa ni zao la uozo wa mabepari. Kassák alimjibu kwa barua ya wazi, akakataa kuifanya sanaa kuwa mtumishi wa chama, hata kiwe chama cha wafanyakazi. Julai gazeti likafungwa. Agosti serikali ya Kun ikaanguka, baada ya siku 133, na maadui zake wakamtia Kassák gerezani kwa kuwa upande wa mapinduzi yale yale. Alipofunguliwa, alitorokea Vienna mwaka 1920.

Mgeni ni kuku mweupe, na Vienna ya siku zile ilikuwa imejaa kuku weupe na njaa. Hata hivyo, Mei 1920 gazeti la MA lilitoka tena. Mwenzi wake wa maisha, Jolán Simon, aliyasoma mashairi mbele ya hadhara. László Moholy-Nagy, msanii mwenzao, alisaidia kutoka Berlin. Wasomaji wengi walikuwa Wahungaria waliotengwa na mipaka mipya, katika Chekoslovakia, Romania na Yugoslavia.

Mchoraji akihama, jicho la mgeni laweza kuiona picha yake. Mshairi akihama, huyaacha nyuma masikio yaliyomsikia. Tena Kihungaria hakina udugu na Kijerumani wala na lugha za Kislavi zinazokizunguka. Si ajabu basi kwamba Vienna ndipo Kassák alipoanza kuchora. Mwaka 1921 alieleza sanaa yake ya miraba, duara na mistari iliyonyoka, na katika mashairi yake herufi zikapangwa kama matofali ya jengo. Lakini lugha hakuiacha. Mwaka 1922 alitoa utenzi wake mashuhuri, ambao jina lake ni sawa na kusema “Farasi Afa, Ndege Waruka”. Ndani yake aliitembea upya safari ile ya Paris, na aliitembea kwa Kihungaria.

Alirudi Budapest mwaka 1926, Horthy angali anatawala. Akaanzisha magazeti mengine, akaandika habari za maisha yake. Wakomunisti waliporudi madarakani baada ya vita vikuu vya pili, walikuwa hawajabadili mawazo juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vitabu vyake vilizuiwa, naye akaishi katika mji wake kama mgeni. Mwaka 1965 alipewa tuzo ya Kossuth, na tarehe 22 Julai, 1967, akafariki.

Uhamisho wa Vienna ulidumu miaka sita. Ule wa pili hauna mpaka wa kuonyesha katika ramani, na bila shaka ulikuwa mchungu zaidi, kwa sababu huko Vienna alikuwa na gazeti, na Budapest alikuwa na kimya.