Pori Lililotengenezwa: Wapelelezi wa Kizungu na Bonde la Rufiji

Katika darasa moja la itikadi lililofanyika Kibiti niliwauliza washiriki swali la vitabu vya zamani vya shule: ni nani aliyevumbua Mto Rufiji? Nilitaka nipate pa kuanzia somo la ubeberu. Mzee mmoja wa Mohoro, aliyekuwa balozi wa shina kwa miaka mingi, aliinua mkono. "Ndugu mkufunzi," akasema, "kwani ulikuwa umepotea?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule niliona kwamba mzee alikuwa amegusa jambo ambalo sisi wakufunzi tumezoea kuliruka.

Tumewafundisha vijana kukariri kwamba mawakala wa ukoloni walikuwa watatu: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Kijana anaandika hayo katika mtihani, anapata maksi zake, na hajui mpelelezi alifanya kazi gani hasa. Kiswahili chetu kimetusaidia kwa kumpa mtu huyo jina lile lile la anayechungulia nyumba ya jirani kabla ya wizi, lakini jina peke yake si uchambuzi. Hatuna budi kuuliza: mpelelezi alipeleka nini Ulaya ambacho ubepari ulikihitaji?

Jibu langu ni kwamba alipeleka pori. Namaanisha picha ya bara lisilo na mtu wala historia, la kiu, homa na wanyama wakali. Kadiri pori hilo lilivyoonekana kali na tupu ndivyo mpelelezi alivyokuwa shujaa, na ndivyo ardhi ilivyoonekana kuwa mali ya atakayetangulia kuiandika.

Hatuna haja ya kujibu uongo kwa uongo. Nyika ipo, na ni kali. Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika walivuka Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, mahali ambapo misafara ilibeba maji na wapagazi walikufa njiani kwa kiu na uchovu. Lakini jina lenyewe, Mgunda Mkali, walilikuta. Walilikuta pia Wakimbu wakifyeka na kulima pembezoni mwake. Jangwa lenye jina, lenye njia, lenye visima vinavyojulikana na watu wanaolipunguza mwaka hadi mwaka kwa mashoka, ni sehemu ya uchumi wa watu. Ni kazi iliyokuwa ikiendelea.

Sasa tuje Rufiji. Mkataba wa Juni 1873 uliomfunga Sultani Barghash ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na wenye misafara ya Kilwa wakaanza kuwapitisha nchi kavu, wakivuka Rufiji kwenda kaskazini. Frederic Elton, ofisa wa ubalozi wa Uingereza Unguja, alitembea njia hiyo kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874. Katika muda wa mwezi mmoja alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopitishwa. Hapa tuwe wakweli: kabla mkoloni wa Kijerumani hajafika, biashara hiyo, iliyoendeshwa na watu wa pwani na watemi wa bara na kugharimiwa na mitaji ya Unguja, ilikwisha kuanza kuwamaliza watu wa kusini. Ndugu zetu wengine hawapendi kulisema hili. Lakini anayehesabu wapitao barabarani amekwisha kukubali kwamba barabara ipo, na kwamba huko inakotoka kuna vijiji.

Mwaka 1874 Stanley, kabla ya kuanza safari yake ya kuvuka bara, aliingia mdomoni mwa Rufiji kwa mashua kutazama kama mto unapitika. Mwaka 1880 na 1881 William Beardall aliupanda kwa amri ya Sultani mwenyewe. Swali la wote lilikuwa moja: je, chombo kinaweza kupanda kutoka baharini hadi ndani ya nchi kikashusha pembe na mpira kwa bei nafuu kuliko kichwa cha mpagazi?

Safari inayotufundisha zaidi ni ile ya 1879. Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimtuma Keith Johnston, mchora ramani wa ukoo wa wachora ramani, atafute njia kutoka Dar es Salaam hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika. Msaidizi wake alikuwa Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21 aliyesoma habari za miamba. Mei 1879 waliondoka Dar es Salaam na watu wapatao 150, wakapita Uzaramo na kushuka kwenye nchi ya majimaji kuelekea Rufiji. Johnston akaugua kuhara damu, akawa wa kubebwa kwa machela, na tarehe 28 Juni 1879 akafa Behobeho, akazikwa hapo.

Vitabu vinasema kwamba Thomson "aliuchukua" uongozi. Tufikiri kidogo. Kijana wa miaka 21, asiyewahi kufika bara, mkuu wake amekufa mwezi wa pili wa safari, na mbele yake kuna Mahenge, Uhehe na maziwa mawili. Msafara ule haukuvunjika. Ulifika Nyasa, ukafika Tanganyika, ukarudi pwani mwaka 1880. Nani aliushika?

Aliushika James Chuma. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto mwaka 1861, akasomeshwa India, akaandamana na Livingstone katika safari yake ya mwisho. Na Livingstone alipokufa mwaka 1873 yeye, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo. Mwaka 1879 Chuma ndiye mnyapara mkuu wa Johnston na Thomson. Ndiye aliyewachagua wapagazi Unguja, ndiye aliyejua lugha, ndiye aliyejua ni kijiji gani kinauza mtama na ni mtemi gani anataka hongo ya namna gani. Wazungu walimpa medali. Hawakuwa wachoyo wa medali. Alifariki Unguja mwaka 1882, kabla hajaona matunda ya ramani alizozisaidia. Mpagazi naye, aliyebeba karibu frasila mbili kichwani, alikuwa mfanyakazi wa mshahara kabla ya reli na kabla ya mkonge. Yeye ndiye babu wa tabaka la wafanyakazi wa nchi hii, na bado hatujamwandikia historia inayomstahili.

Kwa hiyo maarifa ya "uvumbuzi" yalitoka kwa watu wetu. Yalichukuliwa kama malighafi, yakapelekwa London, yakarudi yakiwa bidhaa yenye chapa ya mwingine. Mwaka 1881 Barghash mwenyewe alimwajiri Thomson akamtafutie makaa ya mawe Ruvuma. Thomson hakuyakuta, na Sultani hakufurahi. Waliofuata hawakuwa na subira ya kutafuta miamba. Novemba 1884 Karl Peters na wenzake, akiwamo Joachim von Pfeil, waliingia Usagara na karatasi za mikataba. Pfeil baadaye akaendelea Ukutu na Ulanga, yaani matawi ya juu ya Rufiji hii hii.

Lakini yako mambo ambayo ramani haikuyaona. Juu ya mto, Kibesa, palikuwa na mahali pa tambiko pa Bokero. Watu walitoka mbali kwenda kuomba mvua na mavuno, wakivuka mipaka ya makabila ambayo wapelelezi waliiandika kana kwamba ni kuta. Njia zile za mahujaji zilikuwa mfumo wa mawasiliano. Thomson aliweza kupima kina cha mto. Hakuwa na chombo cha kupima imani waliyokuwa nayo watu wa kingo zake. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale alianza kutoa maji yake Ngarambe, na habari ilipita kwa njia zile zile. Vita vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, juu ya ghadhabu ya pamba ya lazima, kodi na viboko vya maakida. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro, nyumbani kwa mzee wetu. Walikuwa na ramani ya nchi kwa miaka mingi, na bado walishtukizwa.

Jibu lao lilikuwa njaa. Walichoma ghala na mashamba hadi 1907. Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo vipatavyo 75,000. Mwanahistoria wetu Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Haya yalikuja juu ya mapigo mengine: sotoka iliyomaliza ng'ombe tangu 1890 na 1891, ndui, na funza. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alieleza jinsi watu wetu walivyokuwa wameitawala nyika kwa moto, jembe na mifugo, na jinsi walivyopoteza utawala huo walipopungua. Mtu akiondoka, kichaka kinarudi. Kichaka kikirudi, mbung'o anarudi. Mbung'o akirudi, aliyebaki naye anaondoka.

Ndivyo pori la mpelelezi lilivyopatikana hatimaye. Mwaka 1896 Wissmann alikwisha kutenga eneo la wanyama kandokando ya Rufiji. Kisha vikaja vita vya 1914. Meli ya Königsberg ilijificha katika mito ya delta kwa sababu Wajerumani waliijua kuliko Waingereza, ikazamishwa Julai 1915. Na nchi kavu majeshi mawili ya kigeni yakawatumia watu wetu kama wapagazi na kula akiba zao. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji Frederick Selous alipigwa risasi akafa. Mahali palikuwa Behobeho, pale pale alipozikwa Johnston. Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori jina lake, na katika miaka ya 1940 waliwahamisha wananchi wa magharibi ya Liwale, kwa sababu ya malale na tembo, pori likapanuka tena. Kiswahili cha serikali kikaliita Pori la Akiba. Jina linaeleza zaidi ya walivyokusudia waliolitoa. Mgeni aliyefika baadaye aliona kilomita za mraba karibu 50,000 bila moshi wa jiko, akaamini kwamba ndivyo Mungu alivyoliumba. Mwaka 2019 sehemu kubwa yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Je, sisi wenyewe tumepona macho ya mpelelezi? Kada asiyejiuliza hili atakuwa anahubiri tu. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 ilifuata Operesheni Rufiji, na wananchi wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya nchi ya juu. Nia ilikuwa shule, zahanati na usalama, na shule na zahanati zilipatikana. Lakini wataalamu walitazama mafuriko wakaona maafa matupu. Mrufiji aliyaona mafuriko hayo hayo kama mbolea: maji yakipungua alipanda mlau katika tope lenye unyevu, akalala juu ya dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Wengi waliendelea kurudi bondeni kila msimu, kwa miguu, wakiacha nyumba mpya nyuma. Hawakuwa wakaidi. Shamba lilikuwa kule.

Leo swali hilo limerudi kwa ukubwa mwingine. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na taifa linauhitaji umeme ule. Aprili 2024 mafuriko yaliingia vijijini Rufiji na Kibiti, na Mohoro ikawa chini ya maji. Tume na wataalamu watakaoshuka kupima bonde watahitaji Chuma wao, na safari hii jina lake liandikwe juu ya ramani, siyo katika shukrani za mwisho.

Siku ya mwisho ya lile darasa la Kibiti niliwaomba washiriki kila mmoja achore ramani ya kata yake bila kutazama popote. Wengi walianza na barabara ya lami ya kwenda Lindi. Mama mmoja wa delta, mkata mikoko na muuza dagaa, alichukua muda mrefu kuliko wote. Kwenye karatasi yake hapakuwa na barabara hata moja. Aliichora mito tu, na kila mto aliuchora mara mbili: mara moja kwa maji ya bamvu, mara moja kwa maji mafu.